Cheti cha Uzima cha Babu Pole

Daktari mdogo kuliko wote katika mji ule alikuwa na miaka hamsini na nane, wajukuu wanne na goti bovu, na wenzake walimwita Kijana bila hata kutabasamu. Walikuwa wamezoea. Katika kundi la watu waliokula chumvi nyingi kiasi kile, mwenye hamsini na nane ndiye anayetumwa kuhamisha viti.

Walikuwa madaktari wa familia chini ya mpango wa afya wa serikali, ambao watu waliuita Mpango tu. Utaratibu wake haukuwa na ugumu. Kila kaya iliandikishwa kwa daktari mmoja, na daktari huyo ndiye aliyewajua wote, kuanzia bibi hadi kitukuu. Likimzidi uwezo, anawaandikia waende hospitali kubwa. Mpango ulipoanzishwa uliajiri vijana kwa mkupuo mmoja, wametoka chuoni na makoti yaliyonyooka pasi. Kisha Mpango ukalala usingizi. Wale vijana wakazeeka pamoja kama meno ya kinywa kimoja, na nyuma yao, ukimtoa Kijana, hakuja mtu. Vijana wa leo wanataka upasuaji, wanataka moyo na ubongo, wanataka mashine zinazolia. Nani atake kukaa chumba kimoja miaka arobaini akisikiliza habari za migongo ya watu? Usiwalaumu sana. Lakini walaumu kidogo.

Mmoja wa hao wazee alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mbili, mjane, ambaye wagonjwa wake walimpa jina la Mama Mkali. Alilistahili. Ukikatiza dawa alikugombeza mpaka walio nje wakainamisha vichwa, na ukimdanganya kwamba umeacha sigara alikunusa. Lakini hakuna aliyehama kwake. Walisema ni afadhali ugombezwe na anayekujua.

Ng'ambo ya reli kulikuwa na daktari mwingine, mwenye sabini na tano, aliyekuwa kinyume chake kabisa. Huyo aliitwa Babu Pole, kwa sababu kabla hujakaa kitini amekwisha kukupa pole, hata kama umekuja kumletea kadi ya harusi. Babu Pole alikuwa shemeji yake Mama Mkali. Alimwoa mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, mtoto ambaye Mama Mkali alimlea kwa mikono yake mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Alimwogesha, alimsuka, alimpeleka shule, na alipokuja yule daktari mpole kuposa, yeye ndiye aliyemhoji kwa saa nzima huku bwana harusi akitokwa na jasho.

Sasa, Mpango ulikuwa na sharti moja. Daktari aliyevuka miaka sabini haruhusiwi kuendelea na kazi mpaka apate cheti cha uzima kila mwaka, na cheti hicho hutiwa sahihi na daktari mwenzake wa familia aliyempima mwili na akili. Mashemeji hawa wawili walikuwa wakipimana wenyewe. Jumamosi moja kila mwaka, wagonjwa wakishaondoka, Babu Pole alivuka reli na mkoba wake. Mama Mkali anampima, halafu yeye anampima Mama Mkali, kisha wanakwenda pamoja kula chakula cha mchana kwa mdogo mtu. Ilikuwa nusu kazi, nusu sherehe. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wowote. Ukimwuliza mtu, atakujibu: nani atakayekupima kwa makini kuliko mtu wa kwenu?

Mwaka ule, siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, fundi cherehani mmoja aliletwa kwa Mama Mkali akiwa ameshikwa mabega na wanawe. Hakuwa mgonjwa wake, alikuwa wa Babu Pole. Ila alikuwa ameanguka juu ya cherehani yake, na hapa palikuwa karibu zaidi. Alikuwa baridi, macho yanamtoka. Mama Mkali alipompima presha akakuta imeshuka mpaka ikamtisha. Alimlaza, akamwinulia miguu, akamtundikia maji, na rangi ilipoanza kumrudi akaomba kuona dawa zake.

Katika mfuko waliokuja nao wanawe mlikuwa na maboksi mawili. Majina tofauti, kampuni tofauti, lakini dawa ilikuwa ile ile moja ya presha, na kwenye yote mawili maelekezo yalikuwa ya mwandiko wa shemeji yake.

"Alikwambia unywe zote mbili?"

"Hii aliniandikia kwanza," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Niliporudi akanipokea kama mgeni, akaniandikia na hii. Nikadhani moja ya asubuhi, moja ya jioni."

"Hukumwambia kwamba unayo nyingine?"

"Nilimwambia, Daktari. Akaniambia pole."

Mama Mkali alimpigia shemeji yake simu papo hapo, na kwa mara ya kwanza akajikuta hajui aanze vipi. Akamweleza. Upande wa pili kikaja kicheko kile cha upole.

"Uzee, shemeji. Uzee na njaa. Siku hiyo nilikuwa sijala kitu."

"Siku ipi?"

"Si hiyo hiyo unayoisema."

Mama Mkali akayaacha. Kila daktari amewahi kukosea, akajiambia, na yeye mwenyewe ana yake aliyoyameza. Tena mwaka jana shemeji alifaulu vizuri, akili inakata kama wembe. Akajituliza hivyo, lakini haikushika. Mtu anayejituliza kweli harudii maneno yale yale mara tatu.

Wiki hiyo hiyo akaja afisa wa Mpango, kijana mwenye viatu vilivyong'aa na kompyuta ya mpakato. Alikuwa akizunguka kwa madaktari wote na mchoro wa umri wao. Akaufungua juu ya meza ya Mama Mkali, kati ya glovu na kipima joto. Nguzo moja ndefu ilisimama upande wa kulia, kwenye miaka sitini na sabini. Ile ya hamsini ilikuwa kijiti tu, na kijiti hicho ndicho Kijana. Upande wa kushoto pakawa peupe.

"Na hapa pana nini?" Mama Mkali akauliza.

"Hapo hapana kitu, Mama. Ndilo tatizo lenyewe."

"Si mlitangaza nafasi?"

"Tulitangaza. Alikuja mmoja. Akaiona zahanati, akala chakula tulichomwandalia, akasema anakwenda kumpigia mchumba wake simu. Mpaka leo anapiga."

Mama Mkali akacheka, ingawa hakutaka. Afisa akafunga kompyuta na kushusha sauti. "Nimepita kukuomba tu vyeti viwahi. Chako na cha Babu Pole."

"Na kama mtu hafai?"

"Asipofaa, Mama, watu wake niwapeleke kwa nani? Wewe umejaa. Kijana amejaa mpaka anatibu watu wamesimama. Ng'ambo ya reli hakuna mwingine." Akasimama, akajifuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. "Mimi sikuambii utie sahihi. Nakueleza tu hali ilivyo."

Maneno ya watu wa ofisini ndivyo yalivyo. Hawakuambii, wanakueleza tu. Mama Mkali alimsindikiza mpaka mlangoni na kumwambia apunguze sukari, maana alikuwa anaanza kitambi.

Siku iliyofuata, alipofungua mlango kumwita mgonjwa, akamwona mdogo wake ameketi kwenye benchi katikati ya wagonjwa, amejifunika khanga, anangoja zamu. Alikuwa na uwezo wa kuingia moja kwa moja, kama siku zote. Hakuingia. Alingoja mpaka zamu yake ikafika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepanga foleni kama mgeni?"

"Nilitaka unisikilize kama unavyowasikiliza wagonjwa wako." Akaketi, akaikunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Shemeji yako anasahau."

"Anasahau nini?"

"Mwanzo vitu vidogo. Aliondoka na mswaki wangu mfukoni, nikacheka. Lakini juzi, Jumapili, ameniuliza kama nimempelekea mama yake chai."

"Mama mkwe wako? Si tulimzika wewe ukiwa na mimba ya mtoto wa pili?"

"Huyo huyo."

Nje mtoto alikuwa analia na mama yake anamnyamazisha kwa kumtishia sindano.

"Umefanya vizuri kuniambia," Mama Mkali akasema.

"Sikuja kukuambia hivyo, dada." Mdogo mtu akamshika mkono. "Nimekuja kukuomba umtilie sahihi. Jumapili ndiyo anapotea. Jumatatu asubuhi akishafunga tai yake anarudi, namwona kwa macho yangu anavyorudi. Kazi ndiyo inayomshikilia. Ukimtoa pale, ataketi sebuleni ananiangalia, mpaka siku ataniuliza mimi ni nani. Dada, nimewahi kukuomba nini tangu uniozeshe?"

Hakuwahi kumwomba kitu. Ndilo lililomchoma Mama Mkali. Mtoto yule hakuwa mtu wa kuomba hata alipokuwa mdogo. Akitaka kitu alisimama tu mbele yako, akakutazama. Sasa alikuwa na mvi, na alikuwa akimtazama vile vile.

"Nitampima," akasema.

"Mpime kama mwaka jana."

Hapo alipaswa kusema kama daktari. Akasema kama mama. "Sawa," akajibu, "kama mwaka jana." Mdogo wake akalia kwa furaha, akajifuta, akatoka na kuwaaga wote waliokuwa kwenye benchi.

Jumamosi ikafika. Babu Pole akaja na mkoba wake, tai imefungwa, ndevu zimenyolewa, ananukia sabuni. Wakaanza kama kawaida.

"Vuta pumzi," Mama Mkali akasema.

"Nazivuta tangu asubuhi bila kuambiwa."

"Kohoa."

"Mbele ya mwanamke wa watu?"

Presha yake ilikuwa nzuri kuliko ya Mama Mkali. Moyo unakwenda sawa. Magoti yanaruka ukiyagonga. Macho, masikio, mizani, vyote safi. Ungemwona ungesema mtu huyu atatuzika wote. Mama Mkali akaanza kupumua kwa raha. Kikabaki kipimo cha akili.

Kwa kipimo hicho Mpango ulikuwa umetoa kadi, ya plastiki, moja kwa kila zahanati, zote sawasawa. Unamtajia mzee maneno matatu, unampa hesabu ya kuondoa saba saba kutoka mia, unamwambia achore uso wa saa, halafu unamwuliza yale maneno. Daktari aliruhusiwa kutumia maneno yake mwenyewe, lakini nani ahangaike, na kadi ipo? Kadi ilikaa kwenye droo ya kila meza, na kila daktari alikuwa ameisoma kwa wazee wa watu mpaka rangi ikafifia.

"Haya, shemeji," Mama Mkali akasema. "Nitakutajia maneno matatu..."

"Kikombe, ngazi, limau," Babu Pole akasema. "Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano. Na saa unataka nichore saa nne kasorobo. Lete kalamu."

Akaangua kicheko. Mama Mkali naye akacheka mpaka akashika meza, na mkono wake wa kushoto ukawa tayari unaivuta fomu ya cheti. Ndipo akaacha kucheka.

Kadi ilikuwa bado kwenye droo. Hakuwa ametaja neno hata moja.

Akatazama fomu. Mwaka jana alisoma maneno, shemeji akayarudia yote, akampa alama zote. Mwaka juzi vile vile. Alikuwa amempima nini? Alikuwa amempima kama anaikumbuka kadi, kadi ambayo mtu huyu ameisoma kwa midomo yake maelfu ya mara. Hata akipotelewa na jina la mkewe, hii itabaki. Akamkumbuka fundi cherehani, na baridi ya mikono yake.

Angeweza kuishia pale. Fomu haiulizi maneno yalikuwa yapi. Inauliza tu kama amefaulu. Mdogo wake alikuwa ng'ambo ya reli anapika. Afisa alikuwa anangoja. Watu wote waliohusika na cheti kile walikuwa wanataka sahihi, na aliyekuwa akiitaka kuliko wote ni yeye mwenyewe.

"Leo tubadilishe," akasema, na sauti yake haikuwa yake. "Ile kadi imezeeka kuliko sisi. Kufuli. Mvua. Shangazi. Rudia."

"Kufuli, mvua, shangazi."

"Anza na tisini, uondoe nane nane."

"Themanini na mbili," Babu Pole akasema upesi. "Sabini na... sabini na tisa. Sabini na mbili. Sitini na tano." Alikuwa amerudi kwenye njia aliyoizoea, na hakujua kwamba amerudi.

"Nitajie yale maneno matatu."

Babu Pole akatabasamu kama mwanafunzi aliyesoma. "Kikombe, ngazi, limau."

"Siyo hayo, shemeji."

"Ndiyo hayo."

"Nilikutajia mengine. Sasa hivi tu."

Akamtazama. Akautazama mlango, akaitazama mikono yake, kisha akamtazama tena, na Mama Mkali akaona hofu kwenye macho ambayo miaka yote hiyo yalikuwa yakiwatoa watu hofu.

"Ulinitajia saa ngapi?" akauliza.

Mama Mkali akavuta kiti, akaketi karibu naye magoti yakigusana, akamweleza. Hakuzunguka. Alimweleza kama ambavyo wote wawili walifundishwa kumweleza mgonjwa, kwa maneno mafupi, bila kumwachia mkono. Babu Pole alisikiliza mpaka mwisho. Na alipouliza, aliuliza kidaktari.

"Tangu lini?"

"Sijui. Pengine mwaka jana tatizo lilikuwepo, nami sikuliona."

"Nimemuumiza mtu?"

"Fundi cherehani. Amepona."

Akafunika uso kwa viganja. Mabega yakamtikisika, bila sauti. Alipoondoa mikono akasema, "Basi usitie sahihi. Niahidi hutatia, hata nikikubembeleza."

"Nakuahidi."

Akaenda kunawa uso. Alikaa muda kwenye karo, maji yanatiririka. Mama Mkali alitumia muda huo kujikaza, maana alijua akianza kulia hatanyamaza. Babu Pole akarudi anajifuta kwa taulo, uso umekunjuka, anatafuta kipimo chake mkobani.

"Haya, zamu yako, shemeji. Panda kitandani nikupime, chakula kinapoa huko."

Mama Mkali akapanda kitandani. Angefanya nini? Akalala, akamwacha amsikilize moyo, na machozi yakamtiririkia masikioni. Babu Pole alipoyaona akamwambia pole, akamwuliza panapouma.

Nyumbani mdogo mtu alikuwa ametandika meza kwa kitambaa cha wageni. Babu Pole aliingia akiwa amenyanyua mikono yote miwili.

"Mama watoto! Tumefaulu wote wawili!"

Mkewe akamkumbatia dada yake kwa nguvu mpaka miwani ikapinda. "Asante, dada. Mungu akulipe." Akampakulia mwenyewe, akamjazia sahani, akamwekea kiti cha karibu na dirisha. Babu Pole akaanza kusimulia alivyomjibu hata kabla hajaulizwa, akacheka, na mkewe akacheka.

Angesubiri Jumatatu, labda. Angemvuta mdogo wake jikoni. Lakini kila tonge aliloliona likiingia mdomoni mwa mtoto yule lilikuwa linaliwa kwa uongo, na yeye hakuwahi kumlisha uongo. Akaweka kijiko chini.

"Mdogo wangu, sikutia sahihi."

Mdogo mtu akageuka polepole. "Unatania."

"Sitanii. Hawezi tena. Hata mwaka jana, alikuwa anakumbuka kadi tu."

"Hukutia sahihi ya nini?" Babu Pole akauliza, akimtazama huyu na huyu. "Nani hawezi?"

Ikabidi aambiwe upya. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi. Kule walikuwa madaktari wawili. Hapa alikuwa mume anaambiwa mbele ya mkewe, na chakula mdomoni. Alibishana. Alisema hajapimwa na mtu yeyote leo. Alisema wanamfanyia njama, kisha akaomba radhi kwa kusema hivyo, kisha akalia waziwazi, na ukamwona alivyo mzee.

Mdogo mtu hakupiga kelele. Alisimama, akaichukua sahani ya dada yake ikiwa bado imejaa, akaipeleka jikoni. Akarudi mikono mitupu.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema. "Ulinilea wewe, dada. Na leo umenivunjia nyumba kwa mkono huo huo."

Mama Mkali akarudi kwake kwa miguu, peke yake, reli nzima ameivuka bila kuiona.

Zahanati ya ng'ambo ikafungwa. Hakuja daktari mwingine. Afisa alitangaza tena nafasi, na pale kushoto kwenye mchoro wake pakaendelea kuwa peupe. Wagonjwa wa Babu Pole wakaandikishwa kwa Mama Mkali, na benchi lake likafurika mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za duka la jirani. Walimwonea haya mwanzoni, kwa kuwa walimpenda yule mzee, na wengine walimnong'ona kwamba kamchongea shemeji yake. Hakuwajibu. Cheti chake mwenyewe kilitiwa sahihi na Kijana, aliyemtungia maneno mapya. Akayapata yote matatu, ila la mwisho alilitafuta.

Na kila asubuhi ya siku ya kazi Babu Pole alikuja. Alivaa tai mkewe akiwa jikoni, akatoka na mkoba, akafika kwenye zahanati yake, akakuta kufuli. Kisha akavuka reli. Alisimama kwenye mlango wa Mama Mkali, amepigwa na butwaa.

"Shemeji, nimekuta kwangu pamefungwa. Na wagonjwa wangu nawaona hapa kwako. Kuna nini?"

Muuguzi wake Mama Mkali akamshauri. "Mwambie wanapaka rangi, Daktari. Nyumbani wanamwambia hivyo hivyo, nimesikia." Mama Mkali akajaribu siku moja, maana moyo ulikuwa umemchoka. Babu Pole akafurahi. Akasema ni kweli, kuta zilihitaji rangi, basi atasaidia hapa hapa kwa muda. Akaketi kwenye benchi katikati ya watu, akafungua mkoba, na Mama Mkali alipotoka akamkuta amemshika fundi cherehani mkono, anamwandikia dawa. Fundi alikuwa anaitikia kwa kichwa. Alimheshimu mno kumkatalia.

Uongo ukaishia siku hiyo. Kuanzia hapo akawa anamwambia kweli kila anapokuja. Anamwingiza ndani, anafunga mlango, anaketi naye magoti yakigusana.

"Umeacha kazi, shemeji. Kumbukumbu inakuhama. Ulipimwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Siku nyingine alikasirika, siku nyingine alilia kama aliyepewa habari ya msiba, na kweli ulikuwa msiba, ila yeye alifiwa upya kila asubuhi. Lakini akishatulia alimtazama Mama Mkali kwa muda mrefu, kisha akasema neno lile lile: "Kama ni wewe uliyenipima, basi ni kweli." Hapo alikubali kukaa, akafunguliwa tai, akapewa maji. Mkewe alikuja kumchukua, akasimama getini, hakuingia wala hakusalimu. Dada alimwona kupitia dirishani tu, khanga imembana kichwani, macho chini. Miezi ikapita hivyo.

Asubuhi moja mvua ilinyesha, na mdogo mtu akalazimika kuingia mpaka kwenye kibaraza. Mlango haukuwa umefungika vizuri. Alisimama pale, kati ya wagonjwa waliojifanya hawamwoni, akasikia yote: kuna nini, na nani, na mimi. Akasikia mumewe akilia. Akasikia dada yake akingoja bila kusema kitu, muda mrefu, mpaka kilio kikaisha.

Mlango ulipofunguliwa, dada mtu akamkuta usoni kwake.

"Kila siku ndivyo unavyomwambia?"

"Kila siku."

"Na kila siku analia hivyo?"

"Siyo kila siku."

Mdogo mtu akamtazama mumewe, aliyekuwa anahangaika na kifungo cha koti. Akamfunga kile kifungo. Akamshika mkono. Aliposema, alisema bila kumtazama dada yake, na kwa sauti ya kuchoka.

"Wewe una watu wa kutibu. Kesho nitamwambia mimi, nyumbani, kabla hajavaa tai."

Kesho yake Mama Mkali alisimama mlangoni mpaka wagonjwa wakaanza kunung'unika. Shemeji yake hakutokea. Alijua basi kwamba ng'ambo ya reli, kwenye chumba cha kulala ambacho kitanda chake alikinunua yeye kwa ajili ya harusi yao, mtoto aliyemlea alikuwa amekwisha kuyasema yale maneno, peke yake. Akaingia ndani, akafunga mlango, akalia mpaka akamaliza. Kisha akanawa uso na kumwita mgonjwa wa kwanza.